Siku Tatu Nilizompita Bi Rehema

Bi Rehema alifariki mwezi wa Shaaban. Habari zilinikuta Muheza, darasani, nikiwafundisha vijana wanaosomea kazi ya ustawi wa jamii namna ya kumsikiliza mtu bila kumkatiza. Niliwapa zoezi, nikafunga kitabu, nikaenda zangu nyumbani kwake, Makorora. Nilikuta mikeka imeshatandikwa ukumbini, wanawake wamemaliza kusoma Yasini na sahani za wali zinapita. Zaina, binti mdogo wa marehemu, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne, ndiye aliyekuwa anapakua. Alinipakulia wali, akaniwekea kipande cha nyama kikubwa kuliko cha jirani yangu, na hakunisalimia. Alikuwa hajanisalimia kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo sikushangaa, nilikula. Nilikuwa nimeketi kuelekea mlango wa chumba cha ndani kabisa, kile kinachopakana na ua. Siku hiyo ulikuwa wazi, na chumba kimejaa magunia ya mchele na masufuria ya kuazima. Katika mwaka ninaotaka kuueleza hapa, mlango huo haukufunguliwa kukiwa na mgeni.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa najua kila kitu. Nilikuwa nimetoka Kigombe na cheti kipya, nikakubaliwa kujifunza kazi mwaka mzima katika ofisi ndogo ya ushauri nasaha, Ngamiani: vyumba viwili juu ya duka la nyuzi na vifungo. Ngazi ilikuwa nje, ya saruji, na kila aliyeipanda alionekana na mtaa mzima. Waliokuwa hawataki kuonekana walipitia dukani, wakajifanya wanachagua uzi, kisha wakapenya kwa mlango wa stoo. Ndiyo maana wateja wetu wengi walitufikia wakiwa na kifurushi cha vifungo mkononi. Miaka hiyo wengi walikuja kwa mambo ya virusi vya ukimwi, na watu mitaani walikuwa wameshaipa ofisi yetu jina: kwa waliopimwa. Ukionekana pale hata kama umekwenda kuuliza njia, umekwisha kupimwa na majibu yako yamekwisha kutoka.

Mkuu wetu alikuwa Mama Singano, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mwanamke mrefu aliyevaa sweta hata mwezi wa Februari kwa sababu, alisema, mwili wake haujapata habari kwamba umeshuka mlimani. Alitufundisha wanafunzi sita katika chumba cha nyuma, chenye dirisha moja na meza iliyokuwa na chupa ya chai ya mchaichai na sahani ya mihogo ya kuchemsha iliyofunikwa kwa kawa. Alitufundisha kuweka viti kwa upande, magoti yasitazamane, ili mtu apate pa kupeleka macho akitaka kulia. Alitufundisha kutokusema pole upesi, maana ukisema pole upesi mtu anadhani umeshamaliza kumsikiliza. Tulikuwa tukiigiza, mmoja mteja, mwingine mnasihi, na yeye anatafuna muhogo wake taratibu akitutazama. Hasa alitufundisha kuandika. Jioni nilimpelekea maelezo yangu, naye akayapitia kwa kalamu nyekundu. Nikiandika kwamba mteja ana huzuni, alikata. "Ulijuaje?" Nikisema alikuwa anainamisha kichwa, anasema, "Basi andika aliinamisha kichwa. Huzuni muachie mwenyewe aiseme." Majuma ya mwanzo karatasi zangu zilirudi zina wekundu mtupu. Nilikasirika sana, kwa sababu shuleni nilikuwa nasifiwa insha.

Nilikaa kwa shangazi yangu, Makorora, nyumba ya sita kutoka kwa Bi Rehema. Bi Rehema nilimjua kama kila mtu alivyomjua. Asubuhi alikaa kwenye baraza yake na chuma cha vitumbua, ubavuni mwake ameketi jirani yake Bi Tatu akisuka ukili, na mimi nikipita kwenda kazini nasema, "Shikamoo Bi Rehema, shikamoo Bi Tatu." Bi Rehema anajibu, "Marahaba, Saumu. Hujambo? Shangazi kaamkaje?" Bi Tatu anajibu marahaba na kuongeza jambo kuhusu viatu vyangu. Wakati mwingine nanunua vitumbua viwili, navila njiani. Hapakuwa na zaidi. Zaina nilimwona akifagia, binti wa rika langu, mchumba wa mtu wa Muheza wa ukoo wa wafanyabiashara wa machungwa. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa na mtaa mzima ulikuwa unangoja harusi. Binti mkubwa, Mwanahawa, tuliambiwa yuko kwa mumewe, Pangani.

Siku moja baada ya adhuhuri mlango wa stoo ulifunguliwa, akaingia mwanamke aliyejifunika uso, na kifurushi cha uzi mweusi. Alipofunua alikuwa Bi Rehema. Alinitazama kwa muda kidogo. "Kumbe ndipo unapokuja huku, mwanangu?" Nikamwamkia, akaitikia. Mama Singano, ambaye hakupenda mchezo katika mambo haya, alimwambia wazi kwamba mimi ni jirani yake, na kama anataka atapewa mtu mwingine asiyemjua kabisa. Bi Rehema alifikiri. "Huyuhuyu," akasema. "Huyu ana adabu. Kila siku ya Mungu haniruki." Nililiandika neno hilo katika jalada na Mama Singano hakulikata. Nililipenda, nikajiona nimefaulu mtihani.

Alizungumza kwa saa nzima, viti vyetu vikiwa kwa upande kama tulivyofundishwa. Mwanahawa hakuwa Pangani. Mwaka mmoja na nusu nyuma alikuwa amejifungua mtoto aliyekufa, na baada ya siku chache akaacha kusema. Akaacha kula isipokuwa alishwe. Alikaa ameelekea ukuta. Mumewe alivumilia miezi miwili, kisha akamrudisha alfajiri na sanduku lake, akaagiza talaka ifuate. Tangu hapo alikuwa katika chumba cha ndani. Akiongea, anaongea na mama yake tu, kwa kunong'ona, neno moja moja. Mganga mmoja alishakula jogoo wawili na kuondoka. Bi Rehema alisikia kwamba hospitalini kuna kliniki ya maradhi kama hayo na watu hupata nafuu. Lakini Zaina ana posa. Wakwe wakisikia mgonjwa wa akili yumo nyumbani watasema ni jambo la damu, na posa itarudi. "Nataka huyu apone na yule aolewe," alisema. "Nambie, mwanangu, nataka makubwa?" Sikumjibu, kwa sababu tulikatazwa kujibu maswali ya namna hiyo. Tulipanga mpango na nikauandika: Jumatano ya juma lijalo, saa nne, watu wakiwa shughulini, nitawangoja hospitalini kwenye lango la nyuma, na muuguzi wa kliniki atawapokea bila kuwaketisha kwenye foleni. Bi Rehema aliweka kidole chake juu ya neno Jumatano pale kwenye karatasi. Hakujua kusoma sana, lakini lile alilijua.

Jioni ile Mama Singano alinipa kabrasha la kanuni lililotoka Dar es Salaam, lililopigwa chapa vizuri na kubanwa pini mbili, kwa sababu sasa nilikuwa na mteja wangu mwenyewe. Nililisoma nyumbani kwa Shangazi nikila ugali wa bada na mchuzi wa papa. Kanuni ya saba ilisema kwamba ukikutana na mteja nje ya ofisi usimsalimie wewe kwanza. Mwache yeye aanze akitaka, ili usimtoe siri mbele za watu. Niliipigia mstari. Niliiona nzuri, ina heshima, ina usomi. Hivyo ndivyo walivyokuwa wataalamu.

Kesho yake asubuhi nilipita mbele ya baraza ya Bi Rehema nimetazama chini. Yeye alikuwa anageuza vitumbua. Nilihisi mkono wake umesimama. Nikapita. Siku ya pili nikapita. Ninapoandika haya uso unaniwaka. Mimi ni mtoto wa Kigombe. Nilikuwa sijaweza kusema sawasawa nilipofundishwa kwamba mtu mzima hapitwi kimya. Pwani yetu mtu anayekupita bila kukuamkia amekwambia jambo, na wote walioketi hapo wamelisikia. Nililijua hilo kuliko nilivyoijua kanuni ya saba. Lakini nilikuwa na kabrasha mkobani, na kabrasha lilikuwa limetoka Dar es Salaam.

Siku ya tatu Bi Tatu aliuweka ukili wake magotini. "Wee Saumu," akasema kwa sauti ya kuvuka barabara, "leo siku ya tatu watupita kana kwamba twala watu. Tumekukosa nini?" Sasa Bi Tatu hakuwa mteja wangu, na alikuwa ameanza yeye. Nikasimama. "Shikamoo Bi Tatu. Nisamehe, nimechelewa." Akaitikia, akangoja. Nilimwona anangoja. Aliyekuwa amebaki ni Bi Rehema, ameketi hatua mbili kutoka kwangu, na hakuwa amenisemesha, na kanuni ilisema nimwache aanze yeye. Vipi mtu mzima ataanza kumwamkia mtoto? Nilisimama hapo kwa muda ambao mpaka leo naona ulikuwa mrefu mno, kisha nikaenda zangu. Nilikuwa nimemwamkia mmoja nikamruka mwenzake, wamekaa mkeka mmoja.

Mchana wa siku ile nilirudi mapema, nikawa chumbani kwangu. Ua wa Shangazi ulikuwa nyuma ya dirisha langu, na yeye na Bi Tatu walikuwa wanaparua samaki. Nilisikia kisu kinavyokwenda. Bi Tatu alikuwa anauliza kama mimi na Bi Rehema tumegombana. Shangazi, ambaye alikuwa mtu mwema na hakuwahi kumtakia mtu mabaya, alisema hata yeye alisikia na ameshaniuliza. "Kaninyima," alisema. "Asema ni mambo ya ofisini, hawezi kunambia." Ni kweli, ndivyo nilivyomjibu asubuhi ile, nikajisifu moyoni kwa kutunza siri. Kisu kilisimama. "Ya ofisini?" Bi Tatu aliuliza. "Ofisi ile ya waliopimwa?" Shangazi akarudi kwenye samaki wake. Bi Tatu alisema, polepole, kwamba Bi Rehema mwenyewe ni mtu mzima na mjane wa miaka mingi. "Basi kampeleka nani?" Nyumba ile, kwa jinsi mtaa ulivyojua, ilikuwa na watu wawili tu: Bi Rehema na Zaina. Nilikaa kitandani. Ningetoka niseme nini? Nikisema si Zaina, wataniuliza ni nani.

Jumatano nilisimama langoni hospitalini tangu saa tatu na nusu. Saa sita muuguzi alitoka akanishika bega, akaniambia nirudi ofisini. Hakuna aliyekuja. Mama Singano alikuwa peke yake chumba cha nyuma, sweta limefungwa vifungo vyote. Nilimweleza yote, na safari hii nilieleza kama alivyotaka, nilichofanya na nilichosikia, bila mapambo. Alinimiminia chai ya mchaichai.

"Nani amekulea?" aliuliza.

"Mama yangu, Kigombe."

"Alikufundisha nini ukipita mbele ya mtu mzima?"

Nilimwambia.

"Sasa aliyekufundisha vingine ni nani?"

Nilitoa kabrasha mkobani. Alilipokea, akavaa miwani, akaisoma kanuni ya saba taratibu kama mtu anayeiona mara ya kwanza. "Walioandika hii wanakaa mahali watu wanapitana tu njiani," alisema. "Na mimi nimeigawa bila kuwauliza ninyi wa pwani. Hilo langu. Lako ni kwamba ulijua." Nilianza kulia, na hakusema pole. Nilimwambia jalada ampe mwingine, mimi nimeharibu. Alilisukuma jalada juu ya meza mpaka likanigusa mkono. Alisema kumwendea Bi Rehema nyumbani ni kuthibitisha maneno ya watu, na kumpelekea mtu ni kuongeza mwenye kujua. "Ulimnyima nini ulichokuwa unampa kabla hajawa mteja?" Nikasema salamu. "Basi mrudishie. Hicho ndicho chako, na hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Kwa hiyo nilirudi kumwamkia. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya baraza na kusema, "Shikamoo Bi Rehema." Alikuwa anamimina unga. Aliumimina mpaka matundu yote yakajaa, akaweka kijiko. Hakuitika. Bi Tatu aliniitikia yangu haraka haraka, macho kwenye ukili. Asiyezaliwa na lugha hii hawezi kujua uzito wa shikamoo iliyoachwa hapo. Mtu anaweza kukutukana na bado akaitikia shikamoo yako. Kila asubuhi nilikwenda, na kila asubuhi niliandika katika jalada mstari mmoja: Nimemwamkia. Hajaitika. Ukurasa ulijaa mstari huohuo. Mama Singano aliupitia kila jioni, na kalamu nyekundu haikugusa kitu. Nilikuwa na hasira pia, niseme kweli. Kuna siku nilitamani kumwambia Bi Rehema kwamba nimefanya yale kwa ajili yake. Siku kama hizo nilipitia barabara ya sokoni ili nipoe kwanza, kisha nikarudi nikamwamkia. Zaina nilimkuta bombani mara moja. Akaichukua ndoo yake kabla haijajaa.

Wakwe walikuja asubuhi ya Jumamosi. Nilitokea kona nikaona watu wageni barazani: mama wa bwana harusi, mwanamke mnene wa hariri na dhahabu kidogo, na mzee mmoja aliyekuwa mshenga. Kapu la machungwa lilikuwa chini, halijaguswa. Zaina alikuwa amesimama kwenye kizingiti amejifunga kanga mpaka kichwani. Nilisikia maneno kabla ya kufika, maana mama wa Muheza hakuwa anaficha. Alisema yeye hana ugomvi na mtu, ila wamesikia, na mtoto wao ni mmoja, na siku hizi watu wanapima kabla ya kuoana, si vibaya, basi binti apime na karatasi iletwe waione. Bi Rehema alikuwa anatazama mikono yake. Nilielewa kilichokuwa kinamkaba. Ili kumtoa Zaina katika uongo ilimbidi amtaje Mwanahawa, na akimtaja Mwanahawa posa inakwenda vilevile. Nilitaka kugeuza. Lakini nilikuwa nimeshaonekana, na kugeuza mbele ya baraza ile kungekuwa mara ya nne. Nikaenda nikasimama mahali pangu pa kila siku. "Shikamoo Bi Rehema," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

Mama wa Muheza alinitazama kuanzia viatu. "Ndiye huyu wa ofisini?" aliuliza.

"Marahaba, Saumu."

Hakuwa Bi Rehema. Sauti ilitoka ndani, ilikuwa na kutu, na nilimwona Bi Rehema anashituka kama aliyemwagikiwa mafuta. Zaina aligeuka kutazama nyuma. Mwanahawa alitoka kwenye giza la ukumbi akishika ukuta, akafika mlangoni, akasimama pale huku amekunja macho kwa sababu ya jua. Alikuwa amekonda na nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri. Mama yake alimsuka kila Ijumaa, mwaka na zaidi, kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Alinitazama mimi, si wageni. Akavuta pumzi kati ya kila neno. Alisema mama yake alikwenda ofisini kwa ajili yake yeye. Alisema mgonjwa ni yeye. "Zaina hana kitu," akasema. Kisha akaanza kuanguka, na aliyemwahi wa kwanza alikuwa Bi Tatu, ambaye alitupa ukili mzima barabarani, akamshika kiunoni, akamketisha kwenye mkeka mahali pake mwenyewe.

Wageni walikaa muda mfupi wa adabu. Mama wa Muheza alimuuliza Mwanahawa hali, akamwombea dua kwa moyo kabisa, na akaacha machungwa. Siku tatu baadaye barua ya posa ilirudishwa, kwa maneno mazuri. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa vingine. Zaina aliolewa miaka miwili baadaye na mtu wa Pongwe na wameishi vizuri, lakini yule wa Muheza alikuwa anampenda, na mimi ndiye niliyemkosesha. Watu wameniambia kwa wema kwamba wangejua tu siku moja. Huenda. Ila walijua siku ile, kwa njia ile, na njia hiyo niliifungua mimi. Sijawahi kumwomba Zaina anisalimie.

Jumatano iliyofuata, saa nne, Bi Rehema na Mwanahawa walikuja hospitalini kwa lango la mbele. Bi Tatu alikuwa nao amebeba chupa ya uji. Tuliketi kwenye benchi ya foleni kama watu wengine. Mwanahawa alipoitwa ndani na muuguzi, tulibaki mimi na Bi Rehema, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile alinisemesha. "Nataka ujue ulichonifanya," alisema, bila kupandisha sauti. "Miaka yote nilikuwa nimejisitiri. Siku zile tatu ulinivua nguo barabarani, tena bila ya kunitazama." Nilimwambia najua. Nilimwomba radhi, nikasema maneno yote niliyokuwa nayo, na yalikwisha upesi. Alifungua kitambaa, akatoa kitumbua, akakikata, akanipa nusu. Hakusema amenisamehe, si siku ile wala siku nyingine, na sikuthubutu kuliandika hilo katika jalada. Niliandika: Amenipa kitumbua. Mama Singano alipoisoma alivua miwani akaifuta kwa sweta.

Mwanahawa alichukua muda. Kulikuwa na vidonge vilivyomlaza mno, na vingine vilivyomtetemesha mikono, na miezi ambayo alirudi kuelekea ukuta tukaanza upya. Ilipofika mwisho wa mwaka wangu wa mafunzo alikuwa anakaa barazani asubuhi, anakata karatasi za kufungia vitumbua, na ananitania viatu vyangu, kazi aliyokuwa ameirithi kwa Bi Tatu. Nilimuuliza siku moja kwa nini aliitikia. Alifikiri sana. Alisema chumbani mle hakuwa anaona kitu lakini alikuwa anasikia, na kila asubuhi alinisikia naamkia na haitikiwi, akaanza kungoja siku mama yake ataitika, na akawa hawezi kula kabla ya kusikia. "Nikakuonea huruma," alisema. "Nilikuwa sijamwonea mtu huruma siku nyingi." Nimesoma vitabu vingi vya taaluma hii baada ya hapo na nimekwenda semina nyingi, na sijakutana na mahali wanapoeleza kwamba mteja anaweza kuanza kupona kwa kumhurumia mnasihi wake. Wanafunzi wangu nawafundisha jambo dogo tu lililotokana na mwaka ule: siku ya kwanza kabisa, kabla ya kalamu kugusa karatasi, muulize mtu, tukikutana njiani nikusalimie vipi? Kila mmoja ana jibu lake, na majibu hayajawahi kufanana.

Majuma mawili baada ya khitma ya Bi Rehema nilirudi Makorora. Mwanahawa ndiye mwenye nyumba sasa. Anashona, cherehani yake imekaa katika chumba kile cha ndani, karibu na dirisha alilolitoboa yeye mwenyewe kwenye ukuta aliokuwa akiutazama. Bado anakwenda kliniki na bado ana vidonge vyake juu ya kabati. Tulikunywa chai. Nilimweleza kwamba nataka kuandika habari za mwaka ule, na kwamba bila ruhusa yake siandiki hata mstari. Nilimweleza nitakavyomsitiri: nitabadili jina la mama yake, la Zaina, la jirani, la mkuu wangu, hata langu, na nitahamisha nyumba na ofisi mahali pengine, asiweze mtu kusema ni akina fulani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, bila kunikatiza, akakata uzi kwa meno.

"Hao wabadili," alisema. "Mimi nimeshafichwa vya kutosha. Andika Mwanahawa."

Nimebadili majina yote humu, isipokuwa hilo.